Mwenye Maikrofoni

Kibandani Kisauni, kiingilio ishirini,
Shebwana hutafsiri filamu.
Jambazi akikohoa, ana utani wake;
gari likiruka daraja, ana methali.
Lakini yule mwanamke wa viatu virefu
hata aseme dakika nzima, mikono ikipiga hesabu,
Shebwana hutafuna muhogo, akafupisha:
"Uwii! Niokoe!"
Mabenchi yote yakacheka.

Jumanne koo likamkauka.
Mkewe, mkata tiketi, akashika maikrofoni,
vidole vingali na pilipili.

Mwanamke akaanguka, kama ada.
"Mguu haujateguka," akasema Zuwena,
"kiatu hiki nimevishwa na mwongozaji.
Na bomu nalijua kulitegua,
ila kila nikilikaribia
kamera hunishuka kiunoni."

Kimya.
Kijana wa nyuma, yule wa kurusha maganda ya njugu,
akaanza kucheka, kicheko kikamkwama.

Shujaa akambeba begani kama gunia la mbata.
"Niteremshe. Nna miguu."

Hakumteremsha; filamu haisikii.

Alhamisi Shebwana akapona.
"Uwii!" akaanza,
na mabenchi yakamngoja
amalizie sentensi.