Sahani Chini ya Taa

Kiroboto wa kwanza alionekana Ijumaa,
juu ya soksi nyeupe ya mgeni,
katikati ya kahawa na halua.
Mgeni, mstaarabu, akatazama dari.
Miye nikaiomba sakafu ipasuke.

Bi Shinuna, mama wa mume wangu, hakupepesa:
"Paka huyo atoke. Leo."
Paka mwenyewe ni Tambi,
mwembamba, rangi ya chai ya maziwa.
Ibtihaj alimwokota nyuma ya duka la matairi
hapa hapa Samail, akamleta ndani ya mkoba wa skuli
pamoja na daftari la hesabu na nusu ya sambusa.

Niliomba siku arobaini.
Nikapewa kumi.

Shauri likaja kwa kila mlango.
Jirani Moza akasema mafuta ya taa.
Shemeji akataja dawa ya kopo, yenye picha ya fuvu.
Na Bi Shinuna,
aliyetoka Wete na kasha moja na chupa moja,
akaitoa chupa: mafuta ya karafuu,
yaliyotuliza meno ya ukoo mzima.

Nikamshika mkono, kwa adabu.
Mama, paka hujiosha kwa ulimi.
Ukimpaka, umemnywesha.
Akanyamaza. Chupa ikarudi kashani
kama mtu aliyekatizwa akisimulia.

Nikaanza na nilichonacho.
Chumvi ya mawe, nikaitwanga ikawa unga,
nikailaza kwenye zulia la majlisi usiku kucha,
asubuhi nikalivuta kwa mashine
mpaka mashine ikakohoa;
taka zake nikazifunga mfukoni, nikazitupa mbali.
Foronya, mashuka, kitambaa cha Tambi: maji ya moto.
Ndimu kavu, zile nyeusi za kutilia mchuzini,
nikachemsha sufuria zima, nikapiga deki.
Nyumba ikanukia mchuzi wa samaki
usio na samaki.
Na mwarobaini wa uani, wa maradhi arobaini,
nikatandika majani yake chini ya makochi.
Kiroboto awe la arobaini na moja.

Halafu jua.
Jua hili la Julai tunalolitukana tangu alfajiri.
Sisi tumejifungia na kiyoyozi,
kumbe kiroboto naye ni mpangaji wa baridi ile ile.
Nikalipandisha zulia paani, saa sita mchana,
ukuta haushikiki, kandambili zinalainika.
Nikaliacha jua lifanye kazi yake,
na kwa mara ya kwanza nikaliambia ahsante.

Usiku Ibtihaj akaweka sahani ya maji na sabuni
chini ya taa ndogo, sakafuni.
Wakaruka, wakidhani joto lile ni mwili.
Alfajiri tukahesabu: thelathini na mmoja.
Kesho yake kumi na wawili.
Kisha wanne.
Kisha hakuna, tukapika vitumbua.

Siku ya tisa: ishirini na watatu.

Kumbe kuna waliokuwa bado wamelala,
ndani ya vifuko vyao, kwenye nyufa za vigae,
wakingoja mtikisiko wa nyayo zetu.
Nilidhani ni vita vya siku moja.
Ni kama sala: ina vipindi,
na ukikiruka kimoja, utakilipa.

Siku ya kumi niliamka kabla ya adhana,
maneno ya kumtetea Tambi nimeyapanga mdomoni.
Uani taa inawaka.
Bi Shinuna kakaa juu ya kibao cha mbuzi,
paka mapajani, mkononi kitana cha chawa,
kile kilichomchana mume wangu utotoni.
Anachana shingoni, anachovya kwenye bakuli la povu.
Anachana mkiani, anachovya.
Tambi kafumba macho.

Hakugeuka. Akasema tu,
"Huyu wa leo mnono.
Hebu sogeza taa."