Niliyaoza Maji kwa Mafuta

Jikoni kwangu Kuldiga, dirisha likitazama mto Venta,
niliyaoza maji kwa mafuta.
Maji ya kamomili niliyoichuma kwa mkono wangu,
mafuta ya alizeti, yamekamuliwa baridi.
Mshenga alikuwa nta.
Mahari, vijiko viwili vya asali.
Nilikoroga hadi kiwiko kikafa ganzi,
hadi hao wasiopatana tangu dunia kuumbwa
wakalala kitanda kimoja, weupe, laini,
hujui nani ni nani.

Nikabandika karatasi: HAKUNA KEMIKALI.
Herufi kubwa, wino wa kijani.
Jumamosi nikauza vikopo kumi na saba.

Wiki ya tatu akaja Dzidra.
Hakusema kitu. Alikiweka kikopo mezani
kama mtu anayeweka jino lililong'oka.
Jicho la kushoto lilikuwa limevimba,
jekundu, limefumba nusu.

Asubuhi ile mto ulikuwa umejifunika ukungu,
na chini ya kifuniko, ukungu.
Wa nje uliyeyuka jua lilipopanda.
Wa ndani haukuhitaji jua.
Ulikuwa na manyoya, na rangi ya panya,
na harufu ya harusi iliyovunjika.

Nimewaoza, nao wameoza.
Neno ni lile lile. Kosa langu
ni kulisoma upande mmoja.

"Lakini nilitia vitamini E," nilimwambia Ainars wa duka la dawa.
"Hiyo inazuia mafuta yasichache.
Kwa ukungu, ni sawa na kumsomea mwizi mashairi."
"Na asali? Asali haiozi."
"Ikiwa peke yake. Wewe umeinywesha maji, umeivua silaha.
Ungeuza mafuta na nta vitupu, ningekaa kimya.
Penye maji, Velga, kuna mtu anahamia."
"Mimi nataka vitu vya asili tu."
Aliinua miwani. Akacheka, si kwa ubaya.
"Ukungu nao ni wa asili. Nani aliutengeneza maabara?"

Kisha akanielekeza dirishani, uani kwake,
kwenye mpiladzi uliolemewa na matunda mekundu
ambayo ndege walikuwa hawajayamaliza.
"Asidi ya matunda yale ndiyo mzazi wa unga huu.
Siku hizi unapikwa kiwandani, sikudanganyi.
Lakini ukoo ni ule."

Nikamkumbuka bibi yangu Milda,
aliyefunga tawi la mti huo huo juu ya mlango wa zizi
kuzuia jicho baya.
Hakujua asidi. Alijua mlango.

Nimenunua mizani inayohesabu hata pumzi yangu.
Krimu gramu mia, unga theluthi ya gramu:
chembe za kujaza ukucha wa kidole kidogo.
Nachovya kijikaratasi, nangoja rangi.
Kikisema uchachu hautoshi, naongeza tone la maji ya limau,
tone jingine, nangoja tena,
maana mlinzi huyu hufanya kazi penye uchachu tu;
pakipoa, husinzia langoni.
Vikopo nachemsha. Kidole hakiingii, kijiko kinaingia.

Na karatasi nimebadilisha.
Sikuandika tena hakuna.
Niliandika KUNA, kisha orodha yote,
hadi lile jina refu ambalo wateja husoma mara mbili
na baadhi yao hurudisha kikopo mezani
na kwenda kwa jirani yangu, ambaye bado anaandika kwa kijani.
Sijui nimwambie vipi.

Kwa Dzidra nilipeleka kimoja, bure.
Jicho lilikuwa limepona, uso haujapona.
Alikipokea, akakiweka dirishani, hakukifungua.
"Nitakitazama," alisema, "hadi barafu ya mto ivunjike."

Leo ni Januari.
Nikipita mtaani kwake naangalia juu.
Juzi kilikuwa kimesogea kidogo,
kama upana wa kiganja.