Moyo Mgumu

Ripoti inasema una moyo mgumu, Bi Noélie,
na si tusi.
Ni msuli wa upande wa kushoto
usiotaka kulegea damu inapobisha hodi.

Miaka arobaini na mmoja ulishona glavu Millau.
Uliijua ngozi ya mwanakondoo kwa kidole gumba:
hii itanyumbuka, hii itakatikia mshononi.
Mimi, huku Montpellier, chumba cha chini kisicho na dirisha,
natakiwa niseme yayo hayo
bila kugusa.

Nina picha tu. Thelathini kwa kila pigo,
zilizonaswa ndani ya lile pipa la sumaku ulilolilalamikia
kwamba linagonga kama fundi bati aliyedhulumiwa ujira.
Juu ya msuli sumaku ilichora mistari myeusi, miraba miraba,
na moyo ulipojaa, miraba ikapinda.
Kupinda huko ndiko ninakokusoma.

Kwenye kompyuta nimekujengea moyo wa pili, wa wavu na hesabu.
Naukisia ugumu, naujaza damu ya kudhania,
naulinganisha na wako.
Wangu umevimba kupita wako? Nakaza.
Umebana? Nalegeza.
Saa nane usiku, jaribio la mia mbili na sita,
mioyo miwili ikatanuka sawia.
Nikapiga meza kwa furaha.

Kisha nikanyamaza.
Maana moyo laini unaosukumwa kidogo
na moyo mgumu unaosukumwa sana
hufunguka sawasawa,
na picha haiwezi kuapa ni upi.
Inatakiwa presha ya ndani kabisa,
mrija mwembamba upite mkononi hadi kwenye chumba chenyewe.
Asubuhi nilipokueleza, ulicheka:
"Ndiyo maana ngozi haitazamwi, mwanangu. Huvutwa."
Ukauvuta mkono wangu, ukaupima kwa macho. Saba na nusu.

Mrija ulipita Alhamisi. Dakta Castanier akaniletea namba yake,
nami nikaandika yangu: karibu mara tatu ya kawaida,
na pembeni, kiasi ninachoweza kuwa nimekosea.
Hapo pembeni ndipo nilipokaa zaidi.

Leo kuna bahasha mapokezi. Glavu za kahawia,
zinabana hata ngumi haikunjiki.
Karatasi yako inasema: zitalegea kwa kuvaliwa.

Nimezivaa. Nafumba kiganja, nafumbua,
nafumba.