Ofisi ya Ardhi, Bukavu

Karani akauliza: "Nyinyi Batwa, mipaka yenu iko wapi?"
Nsimire akacheka kidogo, akavua kandambili.

"Andika: tangu mzinga wa baba,
ule uliopasuliwa siku ya malori,
shuka hadi kijito kinachonong'ona,
pale kitovu changu kilipozikwa
kabla msitu haujaitwa hifadhi
na sisi majangili."

Karani akasogeza kidau cha wino,
akaonyesha pa kutia dole gumba.

Dole! Babu alilitia, baba akalitia,
kwenye karatasi zilizosomwa na wengine.

Akaomba kalamu.
Usiku kumi na mmoja, kwa kibatari cha kuazima,
alikuwa amezifukuzia herufi saba za jina lake.
Akaziandika zote, polepole,
S ikiwa imegeuka,
inatazama nyuma,
msituni.