Mwanga, Umeme Ukikatika

Kinyozi ni mtu wa waya.
Waya ukifa, naye nusu yake imekufa.
Jumanne ile mashine ililia nnnn, ikanyamaza
katikati ya kichwa cha Mwalimu Gwimo:
upande huu uwanja wa mpira,
upande ule msitu wa Gombe.
Akaazima kofia yangu, akaenda kufundisha.
Mwanga bila mwanga. Mtaa huu na jina lake
siku nyingine hawasalimiani.

Nikatoka barazani kutafuta hewa.
Palikuwa na Mwavita na chupa zake za mawese,
zinawaka zenyewe, hazidai luku,
na Kashindi, aliyevuka ziwa akiwa na mimba ya Nyota.
Sasa Nyota yuko darasa la sita,
na mama yake, akikasirika, bado anahesabu kwa Kifaransa.
Mapajani nyuzi nyeupe, vidoleni sindano ya ndoano,
vitambaa vya makochi vinawatoka mikononi
kama povu kwenye beseni.

"We Bitariho, mikono imelala?
Njoo ufume."
Nikasema, mimi mwanaume.
Mwavita hakuinua hata jicho:
"Nyavu za babu yako zilifumwa na nani?"

Nikavuta stuli.

Toboa, chota, vuta.
Usikaze kama mdai,
usilegeze kama mdaiwa.
Toboa, chota, vuta.
Mikono yangu, inayojua kisogo cha kila mtu hapa,
kovu la nani liko wapi, nani anaficha mvi,
ikawa ya mtoto anayeshika kijiko mara ya kwanza.
Uzi uliingia mweupe, ukatoka rangi ya barabara.
Kashindi akahesabu. *Un, deux.* Nikajua nimeharibu.

Wiki ya pili nikapata duara.
Lilitakiwa lilale mezani kwa adabu;
likakunja kingo, likainuka, likawa bakuli.
"Hukuongeza matundu. Mzunguko unakua,
wewe uko na idadi ileile. Lazima lijibane. Njo vile."
Akanivika kichwani.
Likanienea!
Tukacheka mpaka muuza migebuka akaja mbio
kuuliza nani kafariki,
maana kwa mbali, alisema, haijulikani.

Mwalimu Gwimo alirudi siku ya tatu, umeme hakuna.
Wembe hataki. Akakaa na nusu kichwa chake
akashika mpira wa uzi ili usibiringike mtaroni.
Hakuna aliyemwajiri. Akija jioni
anaukuta mpira unamsubiri kwenye stuli yake.

Kisha Mwavita akalazwa Maweni.
Tulipokezana: Kashindi asubuhi na uji,
mimi mchana, Nyota na madaftari yake jioni.
Chupa za mawese niliziuza mimi, na nikapunjwa,
nikafidia kimyakimya kutoka kwenye droo ya nywele.
(Alijua. Alizihesabu chupa akiwa kitandani, kwa kichwa tu.)
Nilimpelekea kitambaa changu akione.
Mkono mmoja una dripu; kwa ule mwingine
akafumua mistari miwili, taratibu,
akanirudishia.
Ndipo nikajua atapona.

Leo amekaa palepale, mwembamba kidogo, mkali vilevile.
Jua limeshuka upande wa Kongo.
Kitambaa changu kimelala mezani, bapa, au karibu na bapa;
kona moja bado ina kiburi.
Kashindi anakigeuza, anakigeuza tena,
anatafuta kosa, analipata, anameza.
Kwake hiyo ni zawadi.

Mara redio ya jirani inapasuka,
taa zinaruka, watoto wanashangilia mtaa mzima,
na ndani mashine, niliyosahau kuizima,
inanguruma peke yake juu ya meza.
"Kinyozi! Umeme huo!"
Mteja yuko mlangoni, ameshavua kofia.

Ngoja, ndugu yangu.
Nina matundu manne.