Nafsi ya Kwanza

Sheria ya kazi yangu ni fupi:
akisema mimi, nami niseme mimi.
Siruhusiwi kusema "anasema kwamba".
Ndivyo nilivyokaa Jumatano asubuhi
katika kituo cha polisi, Middlesbrough,
hita ikinguruma, dirishani
daraja la buluu likivusha magari ndani ya kikapu,
nikatamka kwa Kiingereza safi, kwa sauti yangu ya kanisani:
mimi nilimharibu mtoto wa watu.

Kashindi Mulonda, miaka hamsini na minane.
Kiswahili chake ni cha Uvira. "Jina yangu," anauliza,
"jina yangu itatoka siku gani?"
Simsahihishi ngeli. Si kazi yangu.

Afisa Dunwell anafungua faili,
anasoma polepole ili niwahi:
aliyehukumiwa miezi thelathini au zaidi
hubaki kwenye daftari
na hapo nikakwama.
Milele? Milele ni ya Mungu.
Maisha? Hilo twalitumia kwa kifungo,
naye kifungo alishakimaliza, mwaka ule wa theluji nyingi.
Nikasema: bila kikomo.
Akaitikia taratibu, kama mtu anayejaribishwa kiatu.

Ila baada ya miaka kumi na mitano waweza kuomba.
Ameomba. Ndiyo maana tuko hapa.
Februari kumi na tano:
anuani, pasipoti, kadi ya benki, picha, sahihi.
Akihama, ana siku tatu za kuripoti.
Akilala wiki nzima kwa shemeji yake Leeds, tatu vilevile.
Wakimkatalia, siku ishirini na moja kumfikia hakimu;
na hakimu akikataa, asubiri miaka minane ndipo arudi.
Nilipotaja minane aliihesabu kwa vidole,
akafika sitini na sita,
akaficha mikono chini ya meza.

Kuna ukurasa wa nne. Niliutafsiri pia.
Hauna jina la mtoto, una umri tu: kumi na mmoja.
Nami, ambaye sikuulizwa, nikajumlisha.
Sasa anakaribia thelathini.
Labda ana watoto wake. Labda amehamia mbali.
Labda ndiye yule dada wa duka la dawa
anayeweka chenji juu ya kaunta
asiguse kiganja cha mtu.
Yeye anamwomba nani, na baada ya miaka mingapi?
Swali hilo halikuulizwa chumbani,
kwa hiyo sikulitafsiri.

"Umebadilika nini?" afisa alisema.
Mzee akanyamaza. Nami nikanyamaza,
urefu uleule, kwa uaminifu.
Kisha akasema, nikasema:
Sijui kama nimebadilika. Nimezeeka.
Nikiona watoto wa shule, navuka barabara.
Nimevuka barabara nyingi.

Afisa akaandika. Jibu litakuja kwa barua.

Mlangoni mzee akanigeukia mimi, si afisa:
"Mama, wewe unaona watanitoa?"
Kiapo changu kinasema kila neno.
Nikamtazama Dunwell, nikauliza kwa Kiingereza
kama anaona watanitoa.
Akatazama viatu vyake.

Mapokezi wakanipa karatasi ya malipo.
Saa mbili na robo. Sahihi hapa.
Na jina kamili, tafadhali, kwa herufi kubwa.
Kalamu ilisita kidogo
kabla sijaliandika.