Picha ya Kumi na Saba

Saa kumi alfajiri, mwezi wa sita, na Estonia kumeshakucha;
kule usiku wa kiangazi ni mfupi kama kikohozi.
Shangazi Helve ananigonga wayo kwa fimbo yake ya mtufaha:
"Amka. Wakipata jua, tumewakosa."

Tunakata shamba la shayiri,
buti zimejaa maji, shingo zimejaa mbu,
hadi ukingo wa kinamasi ambako nyasi zimelazwa na umande.
Yeye mbele, kamera kifuani chini ya sweta
kama mtu aliyebeba mkate usipoe.
Mimi nyuma, na taa,
na kopo la mtindi alilolikata kwa mkasi
akalifunika karatasi ya kuokea.
"Mwanga ukipita humu," husema, "hutoka na adabu."

Miaka thelathini na moja aliziba meno ya watu wa Võru.
Anazijua tabasamu za mji mzima kwa upande wa ndani.
Sasa amestaafu; vidole havijapata barua.

Yule pale.
Kereng'ende, kwenye bua la tatu kutoka jiweni.
Baridi imemfunga. Umande umemvika shanga
kila unywele, kila mshipa wa bawa,
na ndani ya kila shanga kinamasi chote kimepinduliwa,
misonobari ikining'inia kwa mizizi.

Helve anapiga goti topeni. Analisahau goti.
Anaegemeza lenzi kwenye fimbo,
fimbo kwenye jiwe, jiwe kwenye dunia,
na kinachobaki kutikisika ni pumzi tu.
Maana kwa ukaribu ule, kinachoonekana wazi
ni utando mwembamba kuliko karatasi:
likija jicho, taya limezama ukunguni;
likija taya, jicho limekwenda.
Basi huisogelea sura ile unywele kwa unywele,
picha ishirini, pumzi ishirini zilizozuiwa,
nyumbani azipange moja juu ya moja
kama kitunguu kinachorudishiwa maganda yake.

Kwa macho matupu ni kijiti chenye mbawa.
Kwenye kioo cha kamera niliona
pindo la ndevu za manjano,
na uso uliokunjwa kama wa karani
anayekwambia ofisi bado haijafunguliwa.

Raivo, jirani yetu, mwenye kombe la wilaya,
huwatia kwenye friji, kati ya siagi na samaki.
"Dakika nne," alituambia, "wanatulia kama watawa."
Helve alimtazama mdomoni kwa muda mrefu
kama anayekumbuka gego fulani.
"Na mgonjwa wa ganzi hutulia," akasema.
"Ndiyo saa asiyofanana na nafsi yake."

Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.
Jua likagusa ncha za misonobari.
Mbu alikuwa akininywa kwenye kope
na sikuthubutu kumfukuza.

Na kwenye ya kumi na saba
kereng'ende, ambaye hana kope,
ambaye kufumba na kufumbua si lugha yake,
akainua mguu wa mbele, polepole,
akafuta jicho
kama mtoto aliyeamshwa mapema kwa ajili ya safari.

Nyumbani, kompyuta ilizipanga zote ishirini
ikatoka na kiumbe mwenye mikono mitatu,
mmoja kama moshi,
na jicho lililopakazwa hadi shavuni.
"Imeharibika," nikasema.
Helve akapandisha miwani kwenye mvi, akaichapisha kubwa,
akaitundika jikoni juu ya birika,
na zile kali, zilizotulia, ziko kwenye droo na betri kuukuu.

Lakini mimi hukumbuka kule kinamasini:
shanga zilipomkauka, alitetemesha mbawa, mara moja, mara mbili,
akaondoka kwa upande, bila kuaga,
na shangazi bado kapiga goti,
akipapasa topeni kutafuta kifuniko cha lenzi
ambacho hatujakipata hadi leo.